Nilivyonasa maongezi ya dukani kwa mangi

Tasnifu yangu ilihusu namna watu wanavyoomba kukopeshwa dukani. Dodoso halikunisaidia. Ukimuuliza mtu huwa anaombaje kukopa sukari, atakupa sentensi nzuri ambayo hajawahi kuitamka popote.

Ikabidi nirekodi. Hapo ndipo ulipo mtego alioutaja mwanaisimu William Labov tangu miaka ya 1970: unataka kujua watu wanaongeaje wasipochunguzwa, na huwezi kujua bila kuwachunguza. Nilianza kwa kukaa tu kwenye benchi la mangi wa mtaani kwetu, Pasua, hapa Moshi, nikinywa soda na kubishana mpira. Alipokubali, nikabandika tangazo dirishani, simu ikakaa juu ya kaunta pembeni ya mzani, na kila aliyesikika nikamwomba ridhaa. Aliyekataa nilimfutia palepale. Mwanzoni wateja waliongea kama wanasoma taarifa ya habari. Baadaye simu ikazoeleka, umbea ukarudi mahali pake.

Kazi hasa ni kunukuu, yaani kuandika kila kilichosikika kwenye rekodi. Nilitumia programu ya bure ya ELAN, iliyotengenezwa na Taasisi ya Max Planck kule Nijmegen, Uholanzi, na alama za mchunguzi wa maongezi Gail Jefferson: ukimya unapimwa kwa sehemu za kumi za sekunde na kuandikwa kwenye mabano, sauti inayovutwa inawekewa nukta pacha. Dakika chache za maongezi hula jioni nzima, hasa bodaboda zikipita. Wateja wakihamia Kichagga nilimkimbilia jirani, naye wa Machame, akikutana na maneno ya Rombo, ananyoosha mikono.

Kipande kimoja (majina nimebadilisha):

Mama Jose: Shikamoo mangi.
Mangi: Marahaba mama Jose. Watoto?
Mama Jose: Hawajambo. Sukari ipo?
Mangi: Ipo.
Mama Jose: Nipimie nusu, ila hela mpaka jioni.
(1.4)
Mangi: Ee::h, unajua mama Jose
Mama Jose: Au basi, nipe ya mia tano tu.

Sukari iko rafuni, anaiona. Swali lile linapima njia kabla ya ombi lenyewe. Halafu angalia ile 1.4. Utafiti wa lugha kumi uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta kwamba swali la ndiyo au hapana hujibiwa, kwa wastani, baada ya kama sekunde 0.2. Ombi la mama Jose si swali la namna hiyo, lakini kwa kipimo hicho sekunde moja na ushee ni kimya kirefu, na wachunguzi wa maongezi wameonyesha mara nyingi kuwa kukubali huja haraka na kukataa huchelewa, huku kukitanguliwa na “eeh” na “unajua”. Mama Jose hakungoja amalizie. Harvey Sacks, Emanuel Schegloff na Jefferson waliandika mwaka 1974 jinsi watu wanavyopokezana zamu. Kwa maoni yangu kaunta ya mangi ni darasa zuri la makala ile kuliko ukumbi wa mihadhara.

Nilimsikilizisha mangi kipande hicho. Akarudia mara mbili, akakunja uso.

“Sasa mwanangu, hapo mimi nimemnyima saa ngapi?”

Nimeliweka swali lake kwenye sura ya nne, kama alivyolisema.