Akiomba Hivi Moyoni Mwake

Somo: Luka 18:9–14

Bwana asifiwe, wapendwa.

Mfano wa Farisayo na mtoza ushuru nimeusikia tangu nikiwa mtoto, na nadhani naweza kuusimulia nikiwa usingizini: wawili wanapanda hekaluni kusali, Farisayo mshika sheria anamshukuru Mungu kwamba yeye si kama watu wengine wala kama huyu mtoza ushuru, na mtoza ushuru, aliyehesabiwa mwenye dhambi, anaomba rehema tu. Juma hili nimeurudia taratibu nikakwama kwenye mstari wa 11. "Yule Farisayo akasimama akiomba hivi moyoni mwake." Moyoni mwake! Miaka yote hiyo nilikuwa na picha ya mtu aliyenyosha shingo katikati ya hekalu, sauti juu, kila aliyepita akimsikia. Nilikuwa nimemchanganya na wale wa Mathayo 6, wapendao kusali hali wamesimama katika masinagogi na kwenye pembe za njia. Huyu wa Luka, kwa Biblia yetu ya Kiswahili, ameomba kimyakimya. Na maneno ya Kiyunani yaliyo chini ya sentensi hiyo yanaweza hata kusomeka kwamba aliomba akijielekea mwenyewe.

Sasa mtu kama huyu utamhubiri nini? Tumezoea kuambiana: acha maonyesho, Mungu anataka moyo. Angekuitikia amina kwa furaha, maana yuko moyoni tayari. Hana panda (tarumbeta) mkononi wala uso uliokunjamana. Ila huko ndani amejijengea jukwaa, akajiketisha mwenyewe kwenye kiti cha mbele, akaanza kujipigia makofi. Kilemba cha ukoka kwa kawaida huvishwa na wengine. Yeye amejivika kwa mikono yake.

Sikiliza hesabu yake. "Mimi nafunga mara mbili kwa juma, hutoa zaka katika mapato yangu yote." Si uongo. Torati iliagiza watu wajitese nafsi zao siku moja tu kwa mwaka, Siku ya Upatanisho (Walawi 16), naye anafunga mara mbili kila juma. Zaka ya Kumbukumbu la Torati 14 ilihusu mazao ya shamba. Yeye anatoa katika kila kitu. Ukimtaka mshirika mwaminifu wa kanisa, ndiye huyu. (Wakristo wa kale nao walilichukulia jambo la siku kwa uzito: Didake, mafundisho ya kanisa la mwanzo, inasema wanafiki hufunga siku ya pili na ya tano ya juma (Jumatatu na Alhamisi), basi ninyi fungeni ya nne (Jumatano) na Ijumaa ya Maandalio. Nikisoma hapo huwa natabasamu. Kana kwamba unafiki hauwezi kumfuata mtu mpaka Ijumaa.)

Kosa la Farisayo halikuwa katika kufunga. Yesu hakusema "mkiamua kufunga". Alisema "ufungapo", "usalipo", "utoapo sadaka", kama mambo ambayo mwanafunzi wake atayafanya tu. Na kwa wale waliolipa zaka ya mnanaa na bizari na jira huku wakiacha adili, rehema na imani, hakuwaambia waache zaka: "hayo imewapasa kuyafanya, wala yale mengine msiyaache." Yoeli naye, aliyesema turarue mioyo yetu wala si mavazi yetu, mstari mmoja tu kabla ya hapo ametaka kufunga, kulia na kuomboleza. Hata mtoza ushuru wetu ana mambo ya nje: amesimama mbali, ameinamisha macho, anajipiga-piga kifua. Mwili wake unaomba pamoja naye.

Nasema haya kwa sababu kuna ndugu wengi siku hizi, na mimi nimewahi kuwa mmoja wao, wanaotazama watu wa mstari wa mbele ibadani, mikono juu, machozi yakiwatoka, wakisema kimoyomoyo: afadhali mimi, sina maigizo. Nakushukuru, Ee Mungu, kwa kuwa mimi si kama huyu Farisayo. Sala ni ileile, majina tu yamebadilishana.

Niseme na langu. Usiku mmoja nilipata mzigo wa kumwombea mtu, nikaamka nikapiga magoti kama saa nzima. Hakuna aliyeniona. Chumba cha ndani, mlango umefungwa, kama Bwana alivyoagiza. Kulipokucha nikakutana na mwenzangu, akaniuliza mbona macho mekundu. Nikamjibu, kwa sauti ya unyenyekevu niliyoijua vizuri, "Ah, sikulala sana, nilikuwa na maombi kidogo." Lile neno "kidogo" ndilo linaloniumiza hadi leo. Nililipima kabisa kabla ya kulitoa. Yesu anasema watu wa namna hiyo "wamekwisha kupata thawabu yao", na kitenzi kilichotumika hapo kwa Kiyunani ndicho kilichoandikwa kwenye stakabadhi za zamani: nimepokea, sidai tena. Mwenzangu alinitazama kwa heshima. Nikawa nimelipwa.

Lakini tuseme ningenyamaza. Ningekuwa salama? Hapo ndipo Farisayo wa Luka ananisumbua, kwa maana mlango ukifungwa bado nimo ndani pamoja na yule mtazamaji wangu wa kudumu. Nadhani ndiyo sababu Bwana alikwenda mbali kuliko kusema tusiwaonyeshe watu. Alisema hata mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume. Mikono yote miwili ni yangu! Anataka sadaka ambayo hata mimi mwenyewe sikuiandika daftarini.

Linganisha makundi mawili katika Mathayo. Sura ya 7, wengi wanakuja siku ile na orodha iliyokamilika: tulifanya unabii, tulitoa pepo, tulifanya miujiza mingi. Kila kitu wanakikumbuka. Wanaambiwa, "Sikuwajua ninyi kamwe." Sura ya 25, wenye haki wanatajiwa mema yao na Mfalme mwenyewe, nao wanashangaa: "Bwana, ni lini tulipokuona una njaa, tukakulisha?" Hawana kumbukumbu yoyote. Walimwona mwenye njaa wakampa chakula, wakaendelea na shughuli zao. Macho yao yalikuwa kwa yule mtu, hayakupata nafasi ya kujigeukia.

Kusahau hivyo hakuji kwa kujilazimisha. Ukijaribu kusahau wema wako, utaukumbuka mara mbili. Kwa mtoza ushuru naona njia nyingine: alikuwa na haja kubwa mno, hata hakubaki na nafasi ya kujitazama akiomba. Mtu anayezama hasikilizi kama anapiga kelele kwa sauti nzuri. "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi." Maneno saba kwa Kiswahili chetu. Hakumtaja Farisayo, ingawa naye alikuwa hekaluni saa ileile. Sidhani hata kama alimwona. Yesu anasema alishuka kwenda nyumbani kwake amehesabiwa haki. Haisemwi popote kwamba yeye mwenyewe alilijua hilo wakati anashuka.

Hayo maneno saba ndiyo nimeyabeba juma hili kuwa sala yangu. Hapa chini nilikuwa nimeandika pia aya nzima kuhusu jambo moja ninalokusudia kulifanya kwa siri kabla ya Jumapili. Nimeifuta.