Vidonge vya mafuta ya samaki baada ya kuwekewa stenti, mi nilifanya hivi

Nilivyotoka kuwekewa stenti (kile kijibomba cha waya kinachoshikilia mshipa wa moyo ubaki wazi) pale JKCI, taasisi ya moyo ya Muhimbili, kila mtu akageuka dokta wangu. Shemeji yangu yuko Muscat akanitumia makopo ya mafuta ya samaki, vile vidonge vya rangi ya asali, eti nimeze asubuhi na jioni mishipa haitaziba tena. Sikubisha, zawadi ni zawadi, ila kabla sijafungua nikageuza kopo nikasoma nyuma. Mbele wameandika 1000 mg kubwa kabisa, nyuma kwenye maandishi ya kukodolea macho unakuta EPA 180 na DHA 120, yani omega-3 yenyewe, yale mafuta yanayosifiwa kwa moyo, ni 300 tu, iliyobaki mafuta mengine.

Siku ya kliniki nikaenda na kopo langu. Dokta akaniambia mzee wangu, hii kitu ilishajaribiwa toka miaka ya 80, watu waliozibuliwa mishipa wakapewa mafuta ya samaki, mwanzo ikaonekana inasaidia afu majaribio makubwa ya miaka ya 90 yakakuta hamna kitu. Iliyokuja kuonyesha matokeo ya maana ni dawa ya kuandikiwa, EPA tupu gramu 4 kwa siku, jaribio la REDUCE-IT la 2018, na hao walikuwa watu wenye triglisiridi za juu (mafuta ya kwenye damu) ambao tayari wanameza statini, dawa za kushusha kolesteroli, na bado wataalamu wanabishana maana kundi la pili, la kulinganishia, lilipewa mafuta ya madini ambayo huenda yaliwaharibia, dawa ikaonekana nzuri kuliko ilivyo. Halafu dozi kubwa inaweza kufanya moyo uanze kudunda ovyo ovyo. Triglisiridi zangu ziko sawa, kwahiyo akasema vidonge vyako sivikatazi, ila aspirini na klopidogreli usiziguse bila mimi, hizo ndo zinazuia damu isigande kwenye stenti.

Basi mi nikahamia kwenye vibua, samaki wenye mafuta yao wenyewe. Mama watoto anavipata soko la samaki Feri asubuhi, anavichemsha na nyanya, tangawizi na ndimu, chumvi kidogo sana (hapo ndo tunagombana), mara mbili kwa wiki, vya kukaanga nimewaachia watoto.

Shemeji nilimpigia nikamweleza taratibu asije akaona nimedharau. Akacheka, akauliza sasa shem nikutumie nini? Nikamwambia mashine ya kupima presha, ile ya kufunga juu ya kiwiko sio ya kwenye kifundo cha mkono.