Mkanda wa Oktoba 1999 umekubali!

Umekubali jamani! Ule mkanda wa video (VHS) wa baba watoto ulioandikwa MSIBA WA MWALIMU – USIFUTE umeingia kwenye kompyuta mzima mzima, picha imenyooka na sauti inaenda na midomo. Kabati zima hakuna mkanda ulionitoa jasho kama huu.

Kabati lenyewe ni lile la chumbani, nguo zangu zilishahama zamani, sasa ni mikanda juu mpaka chini, imesimamishwa kwa mwaka na kila mmoja una mwandiko wake wa bluu mgongoni. Alianza kurekodi miaka ile TV ilipoingia bara, 1994, na hakuacha mpaka analojia ilipozimwa Dar mwisho wa 2012. Fainali ya Ufaransa 98 ipo, Zidane na vichwa vyake viwili, taarifa za habari zipo, michezo ya kuigiza ipo. Hata vumbi anafuta mwenyewe, hataki mtu aguse. Mimi kuniruhusu nihamishie kwenye kompyuta ni heshima kubwa na nimeichukulia hivyo.

Sasa tatizo. Mazishi yalirushwa kutwa nzima, naye hakutaka apitwe na kitu, akarekodi kwa LP, yaani mkanda unakwenda nusu ya mwendo wa kawaida, ili mkanda wa dakika 180 ubebe saa sita. Alifanya vizuri, bila hivyo nusu ingepotea. Ila LP mistari inayoandikwa kwenye mkanda inakuwa myembamba na hedi, kile kichwa cha deki kinachosoma mkanda, inaisoma kwa shida. Kwenye TV ya chogo huoni tatizo, picha inapinda kidogo tu juu. Ukipitisha kwenye kidude cha USB kinachoingiza picha kwenye kompyuta ndio balaa, juu yote imelala kulia, logo ya kituo haisomeki, kidude kinakosa muda wa picha kinaanza kuruka fremu kimya kimya huku sauti inaendelea, ukifika nusu saa mtangazaji kashafunga mdomo na maneno bado yanatoka.

Nimesafisha hedi kwa alkoholi na karatasi laini (pamba za masikio usithubutu, nyuzi zake zinanasa kwenye hedi), nimecheza na traking (kile kitufe cha kunyoosha picha kwenye deki) mpaka vidole vimeuma, nimeazima deki nyingine, nimebadilisha waya, nimebadilisha programu. Wapi! Usiku mwingine nilizima kila kitu nikalala na hasira. Na kila mtu unayemuuliza anakwambia mkanda umekufa, wakati naona kwa macho yangu kwenye chogo unacheza! Hilo ndilo lililoniuma, maana mkanda mzima ungetupwa kwa sababu ya kidude tu.

Mkanda haukuwa na kosa. PAL, mfumo wa TV ya analojia ya kwetu, inataka mistari ya picha 15,625 kila sekunde na kila mmoja uanze kwa wakati wake, lakini deki ni mashine ya mota na raba, mkanda unavutika kidogo, mstari mmoja unawahi mwingine unachelewa. Chogo inavumilia inafuata hivyo hivyo, kidude hakivumilii. Kwa hiyo unahitaji kitu cha kukaa katikati kishike kila mstari, kiupange, ndio kiutoe. Mashine za studio za kazi hiyo bei yake sisemi. Nikapata Kariakoo Panasonic DMR-ES15, rekoda ya DVD ya mtumba, sehemu ya diski imekufa na muuzaji alikuwa anaitoa kama skrapa. Diski siihitaji! Deki inaingia kwa nyuma, inatoka kwenda kwenye kidude, basi. Ila ingia kwenye menyu uzime ile setingi ya kusafisha chenga, la sivyo sura za watu zinakuwa za plastiki.

Kukamata picha kwenye kompyuta natumia programu ya VirtualDub kwa kubana kusikopoteza kitu, saa moja inakula GB 30 na ushee, sawa tu, diski zinanunulika. OBS, programu nyingine ya kurekodi, ni nzuri kwa mambo mengine ila kwa mkanda siipendi, ukiiacha na setingi zake inakuunganishia nusu-picha 50 za kila sekunde na mwendo unapotea.

Tulikaa wawili tukaangalia. Watu wamejipanga Uwanja wa Taifa, huo wa zamani tunaouita Uhuru siku hizi, kuna mama kashika ncha ya kanga mdomoni, unaona mpaka maandishi ya kanga. Baba watoto akasema "mke wangu, hii sijawahi kuiona hivi", na yeye ndiye aliyeirekodi.

Mpango ulikuwa nikitoka hapa naanza mikanda ya 1996 yenye ukungu. Sasa nimepata wazo lingine. Yeye hakuwa anakata matangazo, kaacha yote, matangazo ya sabuni, salamu za sikukuu, mtangazaji anayesema kipindi kijacho, na nikimwambia tupeleke mbele anagoma. Ana haki. Taarifa ya habari labda kituo wanayo kwenye maktaba yao, hivi vya katikati sijui nani kaweka. Kwa hiyo nafungua daftari naandika kila tangazo, mkanda gani, dakika ya ngapi, naye ananitajia mwaka kabla hata sijasoma mgongoni. Ile ya ukungu nimeifungia kwenye mfuko wake peke yake isiambukize mingine, na haiingii kwenye deki hii mpaka nipate deki ya pili ya kuchafua.