Nilivyomaliza saa za huduma huku wenzangu wakigombania mafagio

Fomu yangu imejaa saini hadi pembeni na cheti nimeshapewa, kwa hiyo sasa nasema bila woga: karibu kila ushauri niliopewa kuhusu saa za huduma kwa jamii ulikuwa wa kupotosha. Na waliokuwa wepesi wa kuutoa ndio wale wale walioonekana mwezi wa mwisho wakimfukuzia mratibu wa huduma wa shule kwenye korido, wakiomba huruma.

Shule yetu ni ya Kikristo, na kama nyingi za aina hiyo haikuhitimishi kwa alama peke yake. Kwetu zilitakiwa saa 40 kwa mwaka, tena nusu yake ifanyike nje ya kanisa unalosali. Hiyo nusu ndiyo iliyowaliza watu. Kaka mmoja wa darasa la juu aliniambia, "Wewe si unaimba kwaya? Umeshamaliza! Mazoezi Jumamosi, ibada Jumapili, piga hesabu mwenyewe." Nikapiga. Nikaona nimekaribia kabisa kumaliza, nikalala usingizi wa mwenye haki. Mratibu aliisoma fomu akiwa amesimama, hata kiti hakuvuta, akauliza, "Hao mliowaimbia, mliwasaidia kazi gani?" Kwaya ni ibada, akasema, na ibada ungedaiwa hata kama shule isingekuwepo. Kalamu nyekundu ikapita juu ya kwaya nzima, kuanzia soprano hadi besi.

Kufundisha watoto shule ya Jumapili walau kulikubaliwa, lakini kuliingia kwenye ile nusu ya kanisani. Kulea mdogo wako nyumbani hakukubaliwi, usijisumbue. Saini ya ndugu pia haipokelewi, hata kama shangazi yako ndiye mkurugenzi wa kituo. Na kazi uliyolipwa chochote, hata kama ni bahasha ndogo ya "asante mwanangu", imeshatoka kwenye hesabu.

Ushauri wa pili: nendeni kwa kundi, mtamaliza haraka. Tukaenda darasa zima Jumamosi kwenye makao ya watoto, tumevaa fulana za kufanana, tena na bango. Tulikuta kundi jingine limeshatangulia, na la tatu linashuka kwenye gari. Watoto walikuwa wamezoea. Walijipanga mstari wenyewe, wakaimba wimbo wa kukaribisha wageni bila kuambiwa. Mvulana mmoja alinivuta shati akaniuliza taratibu, "Nyinyi ni wa zawadi au wa picha?" Sikuwa na jibu. Mafagio yalikuwa machache, tukawa tunapokezana kama vijiti vya mbio, tukafagia uwanja ambao wenzetu walikuwa wameshaufagia asubuhi. Mama mlezi ndiye aliyefanya kazi kweli siku ile, maana alihangaika kututafutia viti. Kiongozi wetu alikuwa ametuahidi saa za siku nzima. Mama mlezi akasaini saa moja na nusu kila mtu, akasema muda wa hotuba na wa picha haumo. Wenzangu walinung'unika njia nzima. Mimi kwa kweli nilimvulia kofia.

Sasa nifike kwenye ujanja wangu, na hapa naomba niruhusiwe kujisifu. Niliacha kuuliza watu, "Naweza kuja kuhudumu?" Swali hilo linampa mwenyeji kazi ya kukutafutia kazi. Nilikwenda kwenye nyumba ya wazee nikamuuliza msimamizi, "Mama, ni siku gani na saa ngapi mnapungukiwa watu?" Alinitazama kwanza, kisha akacheka. Jumamosi, akasema, wageni wanakanyagana. Lakini jioni za katikati ya juma, wafanyakazi wa mchana wakishaondoka na wa usiku hawajatulia, hakuna hata wa kukunja nguo.

Nguo! Hicho ndicho kilikuwa kidonda cha nyumba ile. Zinafuliwa pamoja, majina yaliyoandikwa kwa kalamu yanafutika kwenye maji, na kila wiki ni ugomvi. Bibi mmoja alidai kila sweta ya bluu kuwa yake, na kwa kuwa alikuwa na sauti kubwa kuliko wote, alikuwa nazo karibu zote. Nikanunua uzi mwekundu na utepe mweupe, gharama ndogo tu, haikufika hata nauli ya kwenda na kurudi. Nikashona majina kwenye kola, sweta baada ya sweta, soksi baada ya soksi. Mishono yangu ilikuwa aibu tupu, ila haikutoka. Siku sweta zilipogawiwa upya, yule bibi alibaki na moja. Akaniita mwizi mbele ya watu, na juma lililofuata akaniita mjukuu wake na kuniletea gauni la kupindwa.

Jioni mbili kwa juma, na saa zikajaa bila bango. Nilipomaliza kukunja, nilimsomea Biblia babu mmoja asiyeona. Nikiruka neno ananirudisha, maana Mathayo alikuwa naye kichwani mzima.

Fomu isainiwe siku hiyo hiyo, kabla hujavaa viatu. Rafiki yangu alisubiri zikusanyike ndipo aombe saini moja kubwa. Msimamizi wake akahamia kazi nyingine, na saa zikahama naye. Andika saa ya kuingia na ya kutoka. Njiani hakuhesabiwi. Mwingine alikwenda safari ya misheni, akaandika saa 24 kwa kila siku, kana kwamba alikoroma kwa niaba ya jamii. Mratibu alimkubalia saa nane kwa siku, na bado nadhani alimhurumia.

Insha ya tafakari, ile ya kueleza ulichojifunza kwenye huduma, watu wanaiogopa bure. Kosa lao ni kuanza wote na Mathayo 25, nilikuwa na njaa mkanipa chakula, mpaka kasisi wa shule anaijua aya ya kwanza kabla hajafungua karatasi. Mimi nilianza na soksi. Nikauliza pia humo humo: kama Mathayo 6 inasema mkono wa kushoto usijue ufanyacho wa kuume, mbona sisi tunaulazimisha usaini? Kasisi aliandika pembeni, "Fomu ni ya shule. Mungu hajaiomba." Alama alinipa nzuri.

Wapo wanaosema huduma ya kulazimishwa si huduma. Siku nyingine nilikwenda nimenuna kweli, natamani kulala. Lakini bibi wa sweta hakuwahi kuniuliza nimekuja kwa moyo gani; aliuliza kama nimebeba sindano.

Nilimaliza kabla ya muhula wa mwisho kuanza. Mratibu aliikagua fomu mstari kwa mstari akitafuta kwaya, hakuiona, akagonga muhuri. Kisha akaniuliza kama anaweza kuwapeleka wanafunzi wapya kwenye nyumba ile ya wazee. Nikamwambia awapeleke, ila wawili wawili, jioni ya katikati ya juma, na fulana za kufanana waziache nyumbani.