Kumbukumbu ya mradi: vituo vingi, anga moja

Kwa waliojiunga karibuni

Tunapima mwendo wa ionosfea, sehemu ya angahewa ya juu yenye elektroni huru, kuanzia takriban kilomita 60 kwenda juu. Rada hatuna, roketi hatuna. Kila mshiriki ana kipokezi cha mawimbi mafupi, antena ya waya na kompyuta, naye anasikiliza kituo cha kutangaza saa, kama WWV cha Fort Collins, Marekani, kwenye megahezi 10. Mawimbi yake hutufikia kwa kudunda kwenye ionosfea. Kisambazaji chenyewe hakiyumbi. Masafa, yaani idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde, yakionekana kuyumba huku chini, ni anga iliyosogea. Tofauti ya hezi moja hapo ina maana kwamba njia ya wimbi inafupika au kurefuka kwa mita 30 kila sekunde.

Februari: fuwele

Fuwele ya kipokezi, ndiyo inayokipa kipimo cha masafa, ikikosea sehemu moja tu kwa milioni, hiyo ni hezi 10 tayari, wakati mambo mengi tunayoyatafuta hayafiki hata hezi moja. Baya zaidi, fuwele hufuata joto la chumba. Jua likichomoza chumba kinapata joto, na ionosfea nayo inabadilika saa zilezile. Mchoro unatoka mzuri kabisa, kumbe ni wa dirisha la mtu. Ndiyo maana tumeamua kwamba kituo kisichorekebishwa kwa mawimbi ya GPS kitaendelea kurekodi, ila data yake haitaingia kwenye hesabu za kasi. Wapo walionuna. Uamuzi unabaki.

Machi: saa na ramani

Misukosuko inayosafiri kwenye ionosfea ndiyo sababu hasa ya kushirikiana. Mtu mmoja peke yake ataona mstari wake ukipanda na kushuka, na hatajua wimbi limetoka upande gani. Tukiwa na vituo vitatu visivyo kwenye mstari mmoja, tunalinganisha kilele kilifika lini kila mahali, kisha tunapata kasi na uelekeo. Wimbi la mita 200 kwa sekunde hukata kilomita 120 kwa dakika 10. Kompyuta moja ikichelewa dakika moja, jibu linapotoka kwa takriban sehemu ya kumi. Kwa hiyo kila faili sasa inaandikwa kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia nzima, na programu inakataa kuanza kama saa haijasawazishwa.

Ramani ndiyo iliyotuchelewesha. Wimbi la redio halidundi juu ya paa la msikilizaji. Kwa mdundo mmoja, linadunda karibu na katikati ya njia kati yake na kisambazaji. Vituo viwili vilivyoachana kilomita 240, vikisikiliza kisambazaji kimoja, vinapima sehemu za anga zilizoachana kama kilomita 120 tu. Tulipochora upya ramani kwa vitovu hivyo vya njia, vituo tulivyodhani vimetawanyika vilijikusanya pamoja. Majirani bado wana kazi: wanakaguana.

Aprili: muundo wa faili

Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na kila mwenye programu alitaka muundo wake. Tumekubaliana machache. Data ghafi haiguswi. Aina ya antena na kipokezi inaandikwa, pamoja na tarehe ya kila badiliko. Mahali panatajwa kwa gridi ya Maidenhead, mfumo wa wanaredio wa kugawa dunia katika miraba yenye alama fupi, kwa alama ya herufi na tarakimu sita, inayotosha kwa hesabu zetu bila kuanika nyumba ya mtu.

Mei: kalenda

Hapa hatukubuni kitu. Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia, ulioanza Julai 1957 hadi Desemba 1958, ulikuwa na siku maalumu zilizopangwa mapema ili wapimaji wa nchi nyingi wapime kwa pamoja. Desturi hiyo ingali hai: rada kubwa kama ile ya Jicamarca nchini Peru huwa na Siku za Dunia zinazopangwa kabla. Tumezitia kwenye ratiba yetu, kwa kuwa ndizo siku ambazo michoro yetu inaweza kulinganishwa na vipimo vya mashine ambazo hatutazimiliki kamwe.

Kinachofuata

Agosti 2, 2027 kivuli cha mwezi kitavuka kusini mwa Hispania, Afrika Kaskazini na Rasi ya Uarabuni. Mwanga wa jua ukikatika, uzalishaji wa elektroni unapungua ghafla, na njia za redio zinazopita hapo zitabadilika. Maombi ya kujiunga siku hiyo moja ni mengi, na kwangu mimi hayana faida kubwa. Siku ya kupatwa haisomeki bila siku za kawaida za kabla na baada yake, zenye jua lilelile na bila kivuli. Nafasi tutazigawa kwanza kwa watakaorekodi wiki mbili kabla na wiki mbili baada. Wenye siku moja tu tutawaomba wasaidie kukagua faili, maana huko ndiko tunakopungukiwa na watu.