Krenki iliyokuwa ikigonga: dawa ni kotapini, si nati

Baiskeli ni ile nyeusi ya Kiingereza ya zamani, ya kwendea kazini. Kila ukikanyaga pedali ya kushoto, krenki (mkono unaobeba pedali) inacheza na kugonga. Gololi zilikuwa nzima. Kotapini, ile pini yenye ubavu bapa wa kabari inayobana krenki kwenye ekseli, ndiyo iliyoliwa ubavuni. Kukaza nati hakusaidii: kazi yake ni kushikilia pini, si kuivuta, na ukilazimisha nyuzi zinakatika.

Nilisimamisha kipande cha bomba la chuma chini ya krenki, tundu likipokea kichwa cha pini. Nati nikailegeza mpaka ikalingana na ncha ya nyuzi, kisha pigo moja zito la nyundo. Bila bomba hilo, pigo lote linaishia kwenye gololi na vikombe vyake.

Pini mpya ni ya milimita 9.5. Dukani huchanganywa na za 9, kwa hiyo pima. Uso bapa niliupiga tupa kidogo kidogo, mpaka nyuzi zikatokeza kiasi cha kutosha washa na nati. Pini mbili, ya krenki ya kushoto na ya kulia, zielekee pande tofauti, la sivyo krenki hazikai mstari mmoja. Gonga juu ya bomba, kaza, endesha kilomita 20 hivi, gonga na kukaza tena.