Kichura, rede na presha za walimu

Ijumaa, usiku

Magoti yananiuma, lakini nina raha. Leo kipindi cha michezo walimu tumecheza rede, ule mchezo wa kukwepa mpira, na watoto wa darasa la nne na la tano.

Mambo yalianzia ofisini, wakati wa chai. Mwenzetu wa Hisabati alikuwa ametoka zahanati, kapimwa presha, muuguzi kamwambia apunguze chumvi na awe anatembea. Atembee saa ngapi? Anatoka kwake alfajiri, anasimama ubaoni tangu asubuhi, mchana anainamia rundo la madaftari, jioni jiko linamsubiri. Na si yeye peke yake. Chai yetu huwa ni mikopo, uhamisho na migongo inayouma. Basi mmoja akatania, "Si tukimbie mchakamchaka na watoto?" Watu wakacheka. Mwalimu mkuu hakucheka.

Mchakamchaka nimekua nao: filimbi, nyimbo, umande miguuni, vumbi likishaanza kutimka. Juzijuzi nimesoma habari za shule moja ya msingi huko Stirling, Uskoti, ambayo mwaka 2012 ilianza kuwatoa watoto nje dakika 15 kila siku wakimbie au watembee, na sare zao zilezile. Mpango huo ukaitwa The Daily Mile na ukaenea nchi nyingi. Nikajisemea, hee, kumbe mchakamchaka nao umepata hati ya kusafiria! Ila kule hakuna mashindano, kila mtoto na mwendo wake. Huku, enzi zetu, aliyebaki nyuma alikutana na fimbo ya mwalimu wa zamu.

Na hapo ndipo penye tatizo letu, kwa maoni yangu. Mtoto akichelewa, aruke kichura. Akipiga kelele, pushapu. Asipofanya kazi ya nyumbani, azunguke uwanja. Miaka saba tunamfundisha kwamba jasho ni malipo ya kosa, halafu akishakuwa mtu mzima daktari anahangaika kumbembeleza afanye mazoezi. Nililisema hili kwenye kikao cha walimu kilichofuata utani ule. Kimya. Mwishowe mmoja akauliza, "Sasa Mwalimu, tuwape adhabu gani?" Mpaka leo hatujamjibu.

Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kwa siku, na watu wazima dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Kwa hesabu hiyo, watoto wetu wanaotoka mbali kwa miguu wameshamaliza zao kabla ya kengele ya kwanza. Hao hawajakosa mwendo, wamekosa kucheza. Wenye deni la dakika ni sisi tunaoshushwa na bodaboda mlangoni mwa ofisi. Michezo ya mashindano ipo, UMITASHUMTA ya shule za msingi nchini ipo, lakini wanaokwenda ni wale wenye mbio na mashuti. Waliobaki kazi yao kupiga makofi.

Ndiyo maana tukachagua rede. Haihitaji jezi wala goli. Mpira ni soksi iliyojazwa matambara; kinachobaki ni chupa tupu ya maji na mchanga, ambao kwetu ni wa bure. Wawili wanarusha mpira huku na huku, wa katikati anakwepa huku anajaza chupa. Mwalimu wa Hisabati alivua viatu, akajifunga kanga juu ya sketi, akaingia. Watoto walipiga kelele mpaka mafundi waliokuwa wanaezeka choo wakasimamisha nyundo. Kila akiinama kuchota mchanga mpira unampitia sikioni, naye anacheka mpaka anashindwa kukwepa. Chupa ilifika nusu, akatolewa.

Mimi sikudumu. Binti mmoja wa darasa la nne, ambaye darasani hata ukimwita jina hulisikii jibu lake, alinitandika mpira wa mgongo, akaniambia kwa sauti kavu, "Mwalimu, umetoka." Sitegemei wiki ijayo awe ananyoosha kidole kwenye somo la Kiswahili, na sitamlazimisha. Ila nimejua sauti anayo.

Baadaye tulirudi ofisini tumeloa jasho, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu hakuna aliyetaja mkopo. Mwalimu wa Hisabati anasema Ijumaa ijayo anakuja na raba.

Darasa la saba hawakuwepo. Wao tangu Januari kipindi cha michezo kimeliwa na masomo ya ziada, na kitaendelea kuliwa mpaka mtihani wa Septemba. Walikuwa wanatuchungulia dirishani. Jumatatu nitaomba warudishiwe japo nusu ya kipindi. Najua nitaambiwa habari za ufaulu, na majibu ninayo: aliyekaa kwenye dawati tangu asubuhi, saa tisa unamfundisha nini kinachoingia?

Jambo jingine ni uji wa saa nne. Mchakamchaka wa Jumatano ukianza kweli, kama alivyoahidi mwalimu mkuu, hatuwezi kuwakimbiza watoto ambao wengine hawajatia kitu mdomoni tangu jana usiku. Unga uliobaki stoo haufiki mwisho wa mwezi, na michango ya wazazi inakuja kwa kusuasua. Kamati ya shule inakutana wiki ijayo. Nimeshaandika jina langu kwenye orodha ya watakaozungumza.